Bei ya Kisu Langoni mwa Kambi

Ndugu msomaji, ukitembea Nairobi utafika katika soko liitwalo Kariokor; na ukisafiri mpaka Dar es Salaam utakuta mtaa mzima, wenye soko kubwa, uitwao Kariakoo. Majina hayo mawili asili yake ni moja. Yatokana na Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi waliochukua mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa tangu mwaka 1914 mpaka 1918. Wapagazi walikwenda zao, na wengi wao hawakurudi; jina lao likabaki, na mahali pao pakawa soko. Si jambo la ajabu. Kambi na soko ni majirani wa tangu zamani, maana askari ni mtu mwenye mshahara, mwenye mahitaji, na asiye na ruhusa ya kwenda mbali.

Leo nataka tuzungumze juu ya soko la namna hiyo, na hasa juu ya kitu kimoja kidogo kiuzwacho humo, nacho ni kisu. Kwa nini kisu kiuzwacho langoni mwa kambi huwa ghali kuliko kisu kile kile kiuzwacho mjini? Huenda ukajibu upesi ya kuwa mwenye duka ana tamaa. Jibu hilo si uwongo, lakini ni nusu ya jibu. Tamaa iko kila mahali, mijini na mashambani. Haiwezi peke yake kueleza sababu ya bei kupanda mahali hapa na kushuka mahali pale. Yafaa tutafute nusu ya pili. Nasi tutaitafuta katika historia ya Marekani, kwa sababu huko habari za maduka ya kambini ziliandikwa katika sheria, zikachapwa magazetini, na mwishowe zikasemwa kwa kiapo mbele ya Bunge.

Tuanze na mwaka 1861. Mwaka huo majimbo ya Kaskazini na majimbo ya Kusini ya nchi ile yaliingia vitani, na vijana kwa maelfu wakajitolea kuwa askari. Wengi wao walikuwa hawajapata kuona vita. Waliyajua mapigano kwa hadithi tu, na katika hadithi hizo shujaa alikuwa na kisu kikubwa ubavuni. Kisu hicho kiliitwa kwa jina la James Bowie, mtu aliyeuawa katika boma la Alamo, huko Texas, mwaka 1836. Jina lake lilikuwa limevuma hata ng'ambo ya bahari, na mafundi wa Sheffield, Uingereza, waliovifua visu vya namna hiyo kwa wingi na kuviuza Marekani, walikuwa wakichora juu ya bapa maneno ya kuwavutia mashujaa watarajiwa. Basi kijana alikinunua, akakifunga kiunoni, akapigwa picha akiwa nacho. Kisha safari ikaanza. Baada ya siku chache za kutembea kwa miguu, akiwa na bunduki, risasi, blanketi na chakula, kila ratili ya mzigo ilimwelemea. Visu vingi vikubwa vilitupwa kando ya njia. Vita vile vilikuwa vya bunduki na mizinga, na jeraha la kisu lilikuwa jambo la nadra.

Angalia hapo jambo la kwanza. Kisu kile kikubwa hakikununuliwa kwa sababu ya kazi yake, bali kwa sababu ya sura aliyotaka mnunuzi kuwa nayo. Mtu anunuapo kitu kwa ajili ya sura, hajui jinsi ya kupima bei, maana hana kazi ya kuipimia. Mwenye duka alijua hivyo tangu zamani.

Walakini askari alihitaji kisu kingine, kile kidogo cha kukunja. Hicho kilikuwa cha kukatia nyama na mkate, cha kukatia kamba, cha kuchongea kijiti, na cha kazi nyingine mia za kambini. Serikali ilimpa bunduki, ikampa sare na blanketi; lakini kisu cha mfukoni ilimpasa ajitafutie. Kama hakuja nacho kutoka kwao, au kama kilipotea, alikwenda kwa mchuuzi wa kambi.

Mchuuzi huyo hakuwa askari, lakini alikuwa na kibali cha kufuatana na kikosi na kuuza vitu. Alikuwa na gari la farasi na hema, na ndani ya hema mna biskuti, siagi, tumbaku, karatasi za barua, sabuni, sindano na uzi. Tarehe 19 Machi 1862 Bunge la Marekani lilitunga sheria juu yake. Sheria hiyo ilitaja kimoja kimoja vitu alivyoruhusiwa kuuza, na katika orodha ile visu vimo, pamoja na nyembe na mikasi. Kila kikosi kilikuwa na mchuuzi mmoja. Baraza la maofisa liliamriwa kupanga bei, na bei hizo zibandikwe mahali panapoonekana na watu. Tena sheria ikasema kwamba mchuuzi hawezi kudai katika mshahara wa askari zaidi ya sehemu moja ya sita kwa mwezi. Wakati ule askari wa kawaida alipata dola 13 kwa mwezi. Basi sehemu hiyo ya sita ilikuwa dola mbili na senti chache.

Ukiisoma sheria hiyo utadhani mambo yalikwisha. Hayakwisha. Askari waliandika barua nyingi kwao wakilalamika ya kuwa mchuuzi anawanyonya. Nasi tuwe waadilifu. Tusimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Mchuuzi alikuwa na haki ya kuuza ghali kidogo kuliko duka la mjini. Alisafirisha bidhaa katika njia za matope. Adui alipokuja, gari la mchuuzi lilikuwa windo zuri kuliko yote. Askari aliyekopa leo aliweza kufa kesho, na deni likafa naye. Gharama hizi ni za kweli, na kila mwenye kubeba hatari hutaka kulipwa kwa hatari aliyobeba.

Lakini yalikuwako mambo mengine mawili yasiyokuwa gharama. La kwanza ni kwamba mchuuzi alikuwa peke yake. Askari aliyechukizwa na bei ya kisu katika hema hili hakuwa na hema la pili la kuendea. Na kutoka kambini bila ruhusa ni kosa la kuadhibiwa. La pili ni deni. Mshahara wa askari mara nyingi ulichelewa, pengine kwa miezi kadha. Wakati huo wa kungoja, mchuuzi alimpa askari vipande vidogo vya shaba au karatasi vyenye jina lake, badala ya fedha. Vipande hivyo vilinunua vitu katika hema lake tu, na penginepo havikuwa na thamani hata ya kokwa la embe. Basi askari aliyevipokea alikuwa amekwisha kuuza uhuru wake wa kuchagua kabla ya kununua kitu chochote. Siku ya mshahara ilipofika, mchuuzi alikuwa amekaa karibu na meza ya mlipaji.

Askari hawakustahimili sikuzote. Pengine walikusanyika usiku, wakakata kamba za hema, wakachukua kila kilichokuwamo, na maofisa wakajifanya hawasikii. Wizi ni wizi, wala siusifu. Lakini mwanafunzi wa historia hujiuliza: watu wanaotii amri ya kukabili mizinga, kwa nini wasitii amri ya kuheshimu hema la biashara? Naam, walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba sheria iliyobandikwa ukutani haiwalindi.

Vita vilipokwisha, Bunge likapitisha sheria mwaka 1866 ya kuondoa wachuuzi wale. Idara ya chakula ya jeshi iliagizwa iwauzie askari vitu vya lazima kwa bei ya kununulia. Hiyo ilikuwa sheria njema, lakini haikutekelezwa kama ilivyokusudiwa, na muda si muda wafanyabiashara wakaruhusiwa tena kukaa mabomani. Sasa twende kwenye boma moja, maana huko ndiko tutakakoiona nusu ya pili ya jibu letu.

Boma hilo ni Fort Sill, lililoanzishwa mwaka 1869 katika nchi waliyotengewa Wahindi Wekundu, ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Mji wa Lawton, ulio karibu na lango lake siku hizi, ulianzishwa mwaka 1901. Katika miaka ile ya kwanza hapakuwa na mji. Palikuwa na nyasi, milima midogo ya Wichita, na njia ndefu. Miongoni mwa askari waliolijenga boma hilo na kulilinda walikuwa wapanda farasi wa Kikosi cha Kumi, kilichoundwa mwaka 1866. Hao walikuwa watu weusi, na wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani. Kwao dola 13 za kila mwezi hazikuwa mshahara tu. Zilikuwa ni fedha ya jasho ambayo kwa mara ya kwanza hapana bwana wa kuidai. Nataka ulikumbuke neno hilo tunapoendelea.

Duka la Fort Sill lilikuwa la mtu aitwaye John S. Evans. Mwaka 1870 Bunge lilibadili sheria, likampa Waziri wa Vita uwezo wa kuchagua yeye mwenyewe mfanyabiashara wa kila boma. Hapo kwanza uchaguzi ulikuwa karibu na maofisa walioishi mahali pale. Sasa uliondoka ukaenda mbali, katika ofisi moja ya Washington. Waziri wa Vita alikuwa William W. Belknap, aliyekuwa jemadari katika vita vya 1861, naye aliteuliwa na Rais Ulysses S. Grant mwaka 1869. Mshahara wake ulikuwa dola 8,000 kwa mwaka. Nyumbani kwake palikuwa na karamu nyingi na mavazi ya fahari, kuliko mshahara huo uwezavyo kulipa.

Mke wa Waziri, jina lake Carita, alikuwa na rafiki huko New York aitwaye Caleb P. Marsh. Ikapangwa Marsh apewe duka la Fort Sill. Marsh hakutaka kwenda kuishi porini, wala Evans hakutaka kupoteza duka na mali aliyokwisha kuweka humo. Wakapatana hivi: Evans aendelee kukaa dukani, lakini amlipe Marsh dola 12,000 kila mwaka. Naye Marsh akipokea fedha hizo huzigawa nusu kwa nusu, na nusu moja huipeleka nyumbani kwa Waziri. Wahenga wetu walisema, penye udhia penyeza rupia. Hapa rupia ilipenyezwa kila robo ya mwaka, kwa utaratibu kama kodi ya nyumba. Mke wa Waziri alifariki mwezi Desemba 1870, lakini fedha hazikukoma. Ziliendelea kuja, na mwishowe zikapokewa na Waziri mwenyewe.

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji, tufanye hesabu. Askari wa kawaida aliyelipwa dola 13 kwa mwezi alipata dola 156 kwa mwaka. Gawanya dola 12,000 kwa 156. Utaona kwamba fedha aliyolipa Evans ilitosha mishahara ya askari 76 kwa mwaka mzima, na salio likabaki. Naye Marsh hakuchukua gunia hata moja la unga mpaka Fort Sill, hakupanga kisu hata kimoja katika rafu, wala hakumpimia askari hata wakia ya tumbaku. Je, fedha hizo Evans alizipata wapi? Hakuzipata kwingine ila katika bei. Tuseme kisu kilinunuliwa mjini kwa dola moja, na nauli na faida ya haki zikifikisha bei dola moja na nusu. Juu ya hapo ilimlazimu Evans aongeze sehemu ya Marsh, na juu ya hiyo sehemu ya Waziri. Mfano huu ni wangu, lakini njia ya fedha ndiyo hiyo hiyo. Askari aliyezaliwa mtumwa alipokuwa akilipia kisu cha kukatia mkate wake, alikuwa pia akilipia karamu za Washington, wala hakujua.

Habari haikufichika kabisa. Mwezi Februari 1872 gazeti la New York Tribune lilieleza mambo ya Fort Sill. Kanali Benjamin Grierson, mkuu wa Kikosi cha Kumi, naye aliwaandikia wakubwa wake akathibitisha kwamba Evans hutoa dola 12,000 kwa mwaka, na kwamba bei za vitu zimepanda kwa sababu hiyo. Ofisa mwingine, Kanali William B. Hazen, ndiye aliyetoa habari kwa gazeti. Naye mwaka huo huo akahamishwa na kikosi chake mpaka Fort Buford, mbali sana kaskazini, mahali pa baridi kali, na watu wengi waliona ya kuwa ameadhibiwa. Waziri alitoa amri kwamba mwenye kibali cha duka akae mwenyewe dukani. Amri ilikuwa nzuri masikioni. Evans na Marsh wakapunguza malipo yao, yakawa dola 6,000, na mambo yakaendelea kwa miaka minne mingine.

Mwezi Februari 1876 kamati ya Baraza la Wawakilishi, iliyoongozwa na Hiester Clymer, ambaye alikuwa amesoma na Belknap katika chuo cha Princeton, ilimwita Marsh atoe ushahidi. Marsh akasema yote. Asubuhi ya tarehe 2 Machi 1876 Belknap alikwenda mbio kwa Rais Grant, akitokwa na machozi, akajiuzulu. Alidhani kwa kujiuzulu ameokoka. Alasiri ya siku hiyo hiyo Baraza la Wawakilishi, bila mtu hata mmoja kupinga, likaamua kumshtaki mbele ya Seneti.

Katika uchunguzi ule alikuja pia kutoa habari ofisa maarufu, George Custer. Alieleza kwamba bei za maduka ya mabomani zilipita kiasi, na kwamba askari hawakuwa na mahali pengine pa kununua. Mengi aliyoyasema alikuwa ameyasikia kwa watu, lakini hilo la askari kukosa pengine pa kununua lilijulikana na wote. Custer aliuawa vitani tarehe 25 Juni mwaka huo, kabla ya hukumu kutolewa. Hukumu yenyewe ilikuja tarehe 1 Agosti 1876. Maseneta wengi zaidi walisema Belknap ana hatia. Lakini sheria yataka theluthi mbili, nao hawakufika. Wengi wa waliokataa kumtia hatiani walishikilia kwamba mtu aliyekwisha jiuzulu hawezi tena kuhukumiwa na Seneti. Akaenda zake. Hakuna askari aliyerudishiwa senti yake moja.

Sasa twaweza kuikamilisha ile nusu ya pili. Bei ya kisu langoni mwa kambi si bei ya chuma na mpini. Ndani yake mna nauli na hatari, ambazo ni haki. Mna faida ya mwenye duka, ambayo ni haki ikiwa na kiasi. Tena mna kitu cha tatu, nacho ni bei ya mnunuzi kukosa pa kwenda. Sehemu hiyo ya tatu haina mwisho wake, maana haikupimwa kwa mizani. Hupanda mpaka mahali ambapo mnunuzi hawezi tena kulipa. Na mahali penye faida isiyo na jasho namna hiyo, haikosi kumvuta mkubwa fulani aje kudai fungu lake, ili alinde lango lisifunguliwe kwa mwuzaji wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako. Askari walimtazama Evans wakamlaumu, kwa kuwa yeye ndiye waliyemwona. Mla wa pili na wa tatu walikaa mbali, katika nguo nzuri.

Kama ugonjwa ni huo, dawa yake ni nini? Marekani ilijaribu dawa mbili. Ya kwanza ni kumpa askari kitu anachokihitaji. Mwaka 1880 serikali ilianza kufua kisu cha askari katika kiwanda chake cha Springfield. Mtu aliyepewa kisu hana haja ya kukinunua kwa bei ya dhiki. Dawa ya pili ni duka lililo mali ya askari wenyewe. Mwaka huo huo wa 1880 Kanali Henry A. Morrow, huko Vancouver Barracks katika nchi ya Washington, iliyo upande wa magharibi kabisa, aliwafungulia askari wake mahali pa kununua vitu na kupumzika kwa bei nafuu. Mfano huo ukaenea, maduka ya wafanyabiashara wenye vibali yakaanza kuondolewa, na tarehe 25 Julai 1895 amri ya jeshi zima ikaagiza kila boma liwe na duka la namna hiyo. Faida iliyopatikana ilirudi kwa askari wenyewe kwa vitabu na michezo. Angalia, msomaji, ya kuwa hakuna aliyefanikiwa kwa kuhubiri dhidi ya tamaa. Waliofanikiwa walimpa mnunuzi mahali pengine pa kwenda.

Lakini biashara ni kama maji. Ukiziba hapa hupenya pale. Mchuuzi aliyetolewa ndani ya lango alikaa nje yake. Miji ilikua karibu na makambi makubwa, kama vile Fayetteville karibu na Fort Bragg huko North Carolina, na Killeen karibu na Fort Hood huko Texas. Barabara inayoelekea langoni ikajaa maduka ya nguo za kijeshi, ya rehani, ya vito, ya magari, na visu kiooni.

Vita Kuu ya Pili vilirudisha hadithi ya mwaka 1861. Marekani ilipoingia vitani mwezi Desemba 1941, vijana walikuwa wengi na visu vya serikali havikutosha. Wengi walijinunulia wenyewe, au walipelekewa na jamaa zao. Jeshi la wanamaji wa nchi kavu lilipata kisu chake rasmi mwaka 1942, na jeshi la nchi kavu lilipata kisu chake kiitwacho M3 mwaka 1943. Wakati huo makomando wa Uingereza walikuwa na kisu chembamba chenye ncha kali, kilichobuniwa na William Fairbairn na Eric Sykes na kuanza kufuliwa London. Jina la kisu hicho lilienea kama la Bowie lilivyoenea zamani, na baada ya vita kikaigwa na mafundi wengi. Tangu hapo jina la kikosi mashuhuri likichorwa juu ya bapa, kisu huuzwa kwa bei ya jina. Kijana wa miaka 18, aliyepokea mshahara wake wa kwanza, husimama mbele ya kioo akitazama kisu ambacho labda cha kufanana nacho amekwisha kupewa na serikali bure.

Naye asipokuwa na fedha mkononi, huambiwa achukue tu, atalipa kidogo kidogo. Hapo vipande vya shaba vya mchuuzi wa zamani vimerudi kwa sura mpya. Askari ni mdeni apendwaye, maana mshahara wake haukosi, mahali akaapo panajulikana, na akishindwa kulipa mkubwa wake huambiwa. Mwaka 2006 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ililieleza Bunge jinsi wakopeshaji walivyojikusanya karibu na makambi, na jinsi madeni yalivyowaharibia askari kazi. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria, ikaanza kutumika mwaka 2007, kwamba mikopo ya aina fulani kwa askari isizidi riba ya asilimia 36 kwa mwaka. Wakuu wa makambi nao wana uwezo wa kuwakataza askari wasiingie katika duka lenye sifa mbaya. Miaka 145 ilikuwa imepita tangu askari wa kwanza wa 1861 kuingia katika hema la mchuuzi, na lango lilikuwa bado lahitaji kulindwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Si kila mwenye duka karibu na kambi ni mnyang'anyi. Wako wengi wanaouza kisu chema kwa bei ya haki, na wengine walikuwa askari zamani, wawajua vijana hao kama watoto wao. Mtu mwaminifu akaaye mahali ambapo udanganyifu ni rahisi astahili heshima mara mbili.

Huenda ukaniuliza: Mwalimu, mambo haya yanatuhusu nini sisi tusiokaa kambini? Tazama lango la shule yako. Wewe nawe una mahitaji, una fedha kidogo, na huna ruhusa ya kutoka. Kalamu iuzwayo hapo kwa bei ya kupita ile ya mjini yafuata kanuni ile ile ya kisu cha Fort Sill. Kesho utakuwa mfanyakazi katika kiwanda au shamba lenye duka moja tu; au utakuwa mwenye duka hilo; au, Mungu akipenda, utakuwa ofisa mwenye kalamu ya kutoa vibali. Katika nafasi ya kwanza, ulizana na wenzako: je, iko njia ya kupata mahali pa pili pa kununua? Katika nafasi ya pili, jiulize bei yako ingekuwa ngapi kama duka la jirani lingefunguliwa kesho. Na katika nafasi ya tatu, siku atakapokuja rafiki kukuomba kibali huku akiahidi fungu nusu kwa nusu, kumbuka kwamba fedha atakayokuletea haitoki mfukoni mwake. Yuko mtu mbali nawe, ambaye hutamwona kamwe, aliyesimama mbele ya rafu akihesabu senti zake mara mbili, apate kununua kisu cha kukatia mkate.